Je, Wajua? Meza ya Konso na Mali za Shinyanga na Geita

Kwenye vibanda vya mafundi seremala wa Kahama, Katoro na Geita mjini, pembeni ya vitanda na makabati ya vyombo, siku hizi huonekana meza nyembamba yenye miguu mirefu ambayo si ya kulia chakula wala si ya televisheni. Huwekwa ukutani karibu na mlango, koridoni au nyuma ya kochi, na wateja huiita meza ya konso. Anayeingia anatupia hapo funguo na simu. Mgeni naye anapata kitu cha kwanza cha kutazama kabla hajakaribishwa kukaa. Wengi wakishaileta nyumbani huijaza maua ya plastiki na sanamu za kaure zilizosafiri kwa meli. Hilo hunisikitisha kidogo, kwa sababu mbao, pamba, dhahabu na almasi, vitu ambavyo wapambaji wa dunia nzima huvitafuta, vinatoka katika ukanda huuhuu.

MEZA ISIYO NA MIGUU YA NYUMA

Je, wajua kwamba konso za zamani hazikuweza kusimama zenyewe? Zilipata umaarufu katika majumba ya kifalme ya Ufaransa mwishoni mwa karne ya 17, zama za mfalme Louis XIV. Zilikuwa na miguu ya mbele tu. Upande wa nyuma zilikazwa ukutani. Juu kulikuwa na bamba la marumaru, na ukutani, juu ya marumaru, kioo kikubwa. Mishumaa ikiwashwa mbele ya kioo, mwanga ulirudi chumbani ukiwa umeongezeka. Ujanja huo bado unafaa katika korido zetu zenye giza: weka taa ndogo mbele ya kioo, au tundika kioo mahali kinapoweza kupokea mwanga wa dirisha.

Konso ya leo huwa na kimo cha sentimita 75 hadi 85 na upana wa sentimita 30 hadi 40. Kama ni koridoni, bakiza angalau sentimita 90 za kupita, maana kuna siku mtu atapita amebeba gunia au mtoto mgongoni. Kioo kikiwa na upana wa theluthi mbili ya urefu wa meza, jicho linaridhika. Na picha za ukutani zitundike hivi: katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Ndicho kimo kinachotumika sana kwenye makumbusho, na kosa tulilolizoea sebuleni ni kutundika picha za wazee karibu na dari hadi mgeni aangalie juu ndipo awaone.

MTI UNAOTOKA DAMU

Ukimuuliza fundi mbao gani, atakujibu mninga kabla hujamaliza swali. Ana sababu. Mbao nyingi zikikauka husinyaa, zikapinda au kufunguka kwenye maungio. Mninga husinyaa kidogo sana, ndiyo maana droo yake iliyotengenezwa vizuri haikwami masika wala haichezi kiangazi.

Je, wajua kwamba mninga ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu unaofanana kabisa na damu? Watu wa sehemu nyingi za Afrika wameutumia utomvu huo kutia rangi, na kama dawa. Lakini la kushangaza zaidi liko chini ya ardhi. Mche mchanga wa mninga huota majira ya mvua, kisha shina lake hufa kiangazi, likaota tena mwaka unaofuata, likafa tena. Huendelea hivyo miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini, hadi siku mzizi utakapokuwa na nguvu ya kusukuma shina linaloweza kuhimili ukame na moto wa porini. Ndipo mti unapoanza kurefuka. Kwa hiyo mbao uliyoipiga msasa jana ina miaka mingi kuliko inavyoonekana kwenye duara zake.

Mninga wa ukanda huu hutoka misitu ya miombo ya Bukombe, Ushetu na kuteremka Tabora, na haumalizwi kwa kukatwa kihalali pekee. Mwaka 2022, mkutano wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama, uliiweka jamii yote ya mininga ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Ndani ya nchi, mbao hazitakiwi kusafirishwa bila hati ya usafirishaji kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Muulize fundi wako hati hiyo bila aibu. Fundi mwaminifu anayo, au anajua aliyemuuzia anayo.

Shinyanga yenyewe inajua maana ya kuisha kwa miti. Vichaka vilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, kuni na mifugo, mpaka mkoa ukawa unasemwa kwamba unageuka jangwa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza mwaka 1986 ukafufua desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua yatumike kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimebaki zilihesabika kwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Na kama unataka pambo la bure la kuweka juu ya konso, okota matunda makavu ya mninga. Kila moja ni la mviringo, jembamba pembeni, na katikati limevimba likiwa na miiba membamba. Ukilitazama kwa mbali ni kama yai lililokaangwa kwenye sahani. Matano au saba kwenye bakuli la mti yanatosha. Hayanywi maji, hayanyauki, na mtoto wa jirani atakuuliza ni nini.

UDONGO UNAOTEMBEA

Sehemu kubwa ya Shinyanga na Kishapu ina udongo mweusi wa mbuga. Unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha hutembea nao. Usitundike kioo kizito kwenye ufa. Tumia skrubu na plagi, si misumari ya saruji, na weka vipande vya mpira chini ya miguu ya meza ili uisawazishe kila baada ya masika. Kuhusu vumbi la kiangazi, dawa yake ni vitu vichache: vitatu vikubwa vinafutika kwa dakika moja, kumi na tano vidogo vitakaa na vumbi mpaka Krismasi.

ZEBAKI NYUMA YA KIOO

Hili ndilo ningependa kila nyumba ya Geita ilijue.

Je, wajua kwamba vioo vya zamani vilitengenezwa kwa zebaki, kimiminika kilekile kinachotumiwa na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa? Fundi alitandaza karatasi nyembamba ya bati, akamwagia zebaki, kisha akateremsha bamba la kioo juu yake. Zebaki na bati viliungana, vikang'ang'ania kioo. Vioo 357 vya ukumbi maarufu wa kasri la Versailles, uliokamilika mwaka 1684, vilitengenezwa hivyo. Mafundi walilipia. Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, na miongoni mwao aliwataja watengeneza vioo wa Venice waliokuwa wakipooza na kubanwa kifua kwa kushika zebaki. Ilipofika mwaka 1835 mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, akaonyesha namna ya kupaka kioo fedha halisi bila zebaki, na polepole viwanda vikahamia huko.

Nakshi za shaba zilizopamba konso za matajiri zilikuwa na kisa hichohicho. Dhahabu iliyeyushwa ndani ya zebaki, uji wake ukapakwa kwenye shaba, kisha ukachomwa. Zebaki ikaruka hewani, dhahabu ikabaki imeshika. Mtu yeyote aliyekaa kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Geita anaijua kazi hiyo bila kufundishwa, ila kwa wachimbaji inaanzia kwenye jiwe. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuchenjuliwa, zebaki inatiwa kwenye mchanga mzito uliobaki. Inazikamata chembe za dhahabu, zinakuwa donge moja la kijivu, donge linachomwa, dhahabu inabaki. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, tarakimu ileile ya vioo vya Versailles kwa bahati tu, lakini huhitaji moto mkali ili ikudhuru. Hata ikiwa imekaa tu kwenye chupa iliyo wazi, inatoa mvuke usioonekana wala kunuka.

Donge likichomwa jikoni, mvuke hautoki wote dirishani. Unatua ukutani, kwenye mapazia, kwenye kochi, kwenye hicho kitambaa cha mezani, na unaendelea kuwadhuru waliolala humo, mjamzito na mtoto mchanga kuliko wote. Ndiyo maana mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013 kupunguza matumizi ya zebaki, na ndiyo maana wachimbaji huhimizwa kutumia ritoti, chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na nyumba. Kichupa cha zebaki kisiwekwe juu ya konso, wala ndani ya droo yake, hata kama kinang'aa vizuri na watoto wanapenda kukiangalia kikicheza. Hasa kwa sababu watoto wanapenda kukiangalia.

Kioo cha dukani cha leo hakina zebaki. Kitundike bila wasiwasi.

GRAMU MOJA, MITA MOJA

Dhahabu hupondeka kuliko metali yoyote. Gramu moja inaweza kupondwa ikawa karatasi nyembamba mno inayofunika mita moja ya mraba, yaani uso wote wa konso mbili za kawaida na kubaki. Hivyo fremu za kale zinazoonekana kama dhahabu tupu ni mti uliobandikwa ngozi isiyofika hata sehemu elfu moja ya milimita. Rangi ya dhahabu inayouzwa kwenye makopo, kwa upande wake, kwa kawaida ni unga wa shaba na zinki. Ipakie vanishi juu, la sivyo itafifia.

UA LA MWADUI

Je, wajua kwamba ua maarufu kuliko yote lililotoka Shinyanga halikuota shambani? Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aliyetafuta kwa miaka mingi bila mafanikio, alipata almasi Mwadui, kwenye mwamba ambao uso wake una hekta 146 hivi, mmojawapo wa mikubwa zaidi ya aina yake iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Kwa kuwa karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, lilikuwa chini ya gramu 11, kiasi cha kupotea kwenye kiganja. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Likakatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 sonara Cartier akaliweka katikati ya pambo la nguo lenye umbo la ua, petali zake zikiwa almasi nyeupe. Malkia alilivaa kwa miongo mingi.

Mimi huona pambo lile linafundisha upangaji wa meza kuliko vitabu: kitu kimoja chenye rangi katikati, vingine vyote vimenyamaza kukizunguka. Ukiwa na chungu kizuri chekundu, usikizungushie vyungu vingine vyekundu.

KITAMBAA CHA KUFUMA

Kuna wakati katika nyumba zetu ambapo redio, kabati, mikono ya makochi na hata jagi la maji vilivaa vitambaa vya kufuma. Vijana wengi wanavicheka leo. Wasivicheke. Ufumaji wa sindano moja yenye ndoano ulienea sana duniani kutoka Ireland katika njaa kuu ya miaka ya 1840, pale masista na akina mama walipowafundisha wanawake maskini kuufanya ili wauze wapate chakula. Kisha ukasambaa kwa shule na misheni. Bibi aliyefuma kitambaa cha sebule yenu alishika kazi yenye historia ya kuokoa kaya.

Na uzi? Kanda ya magharibi, ambayo moyo wake ni Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania. Mbegu zake zimezalishwa Ukiriguru, karibu na Mwanza, ndiyo maana majina ya aina nyingi huanza na herufi UK. Mwaka 1955 wakulima wa huku waliunganisha vyama vyao wakaunda shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria, chini ya Paul Bomani, kijana aliyekuwa na miaka 30 hivi, na shirikisho hilo likakua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika. Pamba ililipa karo, ikajenga nyumba za bati. Kitambaa cheupe kimoja kirefu katikati ya konso ya mninga kinakaa vizuri sana; rangi ya mbao inaonekana kupitia matundu yake. Ukitaka kikakamae, kichovye kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo kisha kikaushe kikiwa kimetandazwa. Maji ya sukari pia hukakamaza, ila yataleta sisimizi.

KUTA ZILIZOCHORWA NDANI

Wengi hudhani urembo wa ukuta kwa ndani ulikuja na fremu za picha. Mwaka 1953 kilichapishwa London kitabu cha Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya Tanganyika, chenye michoro ya kuta za ndani za nyumba za Bayeye, chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Wanachama walichora kwa nyeupe, nyeusi na nyekundu iliyoiva kwenye kuta za udongo: nyoka waliojikunja na walionyooka, watu, wanyama, na mizimu ya wazee waliotangulia. Hawakuchora ili wapita njia wasifie. Waliotakiwa kuiona ni walioingizwa kwenye chama, na michoro ilikuwa sehemu ya mafunzo yao.

Kilichonivutia katika michoro ile ni ujasiri wa nafasi tupu. Nyoka mmoja mrefu anashika ukuta mzima, hakuna aliyejaribu kujaza pembe. Mafundi rangi wa leo wanaweza kabisa kuchora ukuta ulio juu ya konso kwa chokaa na udongo mwekundu badala ya kutundika chochote. Alama za siri za chama ziachwe kwa wenyewe. Rangi tatu na mpangilio ni mali ya kila mtu wa huku. Nyaraka za Cory zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

KITI KILICHO BERLIN, JENGO LENYE UMBO LA KITI

Chini ya konso hubaki nafasi, na hapo ndipo kigoda kinapokaa vizuri kuliko boksi la viatu. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, kiti kilikuwa jambo la utawala. Kimoja, chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu nyuma yake, cha mtemi wa Buruku huko Unyamwezi, kilichukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kiko Berlin mpaka leo. Wanaoandika historia ya sanaa ya Afrika hukitaja mara kwa mara. Watoto wa Kahama wangefaa kukiona bila kuomba viza.

Kilicho karibu ni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma ya pale, yaliyofunguliwa mwaka 1968, yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, jimbo la Kanada alikotoka pia Williamson wa Mwadui. Mmoja alitafuta mawe, mwingine akatafuta ngoma na viti. Banda la kifalme la Bujora limejengwa likiwa na umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi.

CHUMA KABLA YA DHAHABU

Je, wajua kwamba Geita na majirani zake walisifika kwa chuma kabla dunia haijasikia dhahabu yao? Wahunzi Warongo, kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria, waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi. Jembe lililimia, lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, na lilitolewa mahari. Nyumba yenye majembe mengi ilikuwa nyumba yenye akiba.

Kichwa cha jembe la zamani, kikisimamishwa kwenye kigingi kidogo cha mti juu ya konso, kinapendeza kuliko sanamu yoyote ya dukani. Usikipake rangi. Kisugue kutu inayopukutika tu kwa brashi kavu, kipashe moto kidogo, kisha kipake nta ya nyuki kwa kitambaa. Nta hainasi vumbi kama mafuta ya kupikia. Na kama aliyekurithisha jembe hilo anajua lilifuliwa wapi au lilitolewa mahari ya nani, muombe akueleze, uandike kwenye karatasi, uibandike chini ya kigingi. Lililo la kale kweli halitakiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo mnunuzi akija na bei nzuri ya kulipeleka ng'ambo, mwambie aonyeshe kibali kwanza.